Wageni wana majina ukutani, mpagazi wetu je?

Msomaji mpendwa, siku utakapopata nauli na nafasi ya kuwapeleka watoto Nyeri, usiridhike na kuwaonyesha Mlima Kenya kwa mbali na kaburi la Baden-Powell, kisha mkarudi zenu Nairobi kula chipsi. Shika njia ya Mathari, kwenye misheni ya Consolata, uulize kanisa la Waitaliano. Hutapotea. Hata mwenye kuuza ndizi kando ya barabara atakuelekeza.

Kwa nje utaona kanisa la kawaida tu. Ingia ndani ndipo utakapoelewa kwa nini nimekusumbua. Kuta zenyewe ni makaburi. Wamelazwa humo wanajeshi 676 wa Kiitaliano waliokufa katika Vita Vikuu vya Pili, wengi wao wakiwa mateka hapa hapa Kenya. Kanisa hilo lilifunguliwa mwaka 1952, nao wamelazwa pamoja, mkubwa na mdogo, kana kwamba wako kwenye gwaride la mwisho.

Mkubwa wao pia yumo. Huyu ni Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa akitawala Ethiopia, Eritrea na Somalia ya Kiitaliano kwa niaba ya mfalme wake. Alisalimu amri kwa Waingereza huko Amba Alagi mwezi Mei 1941, akaletwa Kenya akiwa mateka, na tarehe 3 Machi 1942 akafariki mjini Nairobi kwa kifua kikuu na malaria. Amezikwa kati ya askari wake.

Mimi nilifika huko kwa sababu ya harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Wenzangu walipokuwa wakingoja pilau, mimi nikatoroka nikaenda kusoma kuta. Nilisoma majina ya watu nisiowajua, wa nchi nisiyowahi kuikanyaga, mpaka shingo ikaniuma. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kumfikiria mtu mmoja ambaye hayumo ukutani pale wala ukutani kokote.

Kwanza nikueleze ninakotoka. Mimi ni mtu wa Ganda. Kwa wewe msomaji wa bara usiyeijua, ukitoka Malindi mjini ukashika barabara ya kuelekea lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, hujamaliza kutafuna hindi la kuchoma ulilonunua mjini, umeshafika. Ni minazi, mikorosho, miembe na mashamba ya mahindi, na upande wa kaskazini unapita mto Sabaki, ambao mvua zikinyesha bara huteremka mwekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani.

Mtu wa Ganda na Waitaliano wana habari ndefu. Mwezi Oktoba mwaka 1940 ndege za Kiitaliano zilikuja kuutupia mabomu mji wa Malindi, mji ambao haukuwa na jambo kubwa la kivita ila hewa nzuri na samaki. Baba yangu alikuwa mtoto wa miaka minane. Mpaka leo, akiwa amepita miaka tisini, bado anausimulia ule mngurumo, na jinsi mama yake alivyomsukumia ndani ya mihogo akamlalia juu. Baadaye Waitaliano wakarudi bila mabomu. Wakajenga hoteli na majumba, na leo vijana wetu wa Malindi wanazungumza Kiitaliano cha kuuzia vinyago kuliko wanavyozungumza Kigiriama cha kumwamkia mzee. Baba hucheka akasema kwamba kwanza walituletea moto, sasa wanatuletea tambi.

Kwa hiyo usidhani nilisimama pale Mathari na kinyongo. Vijana wale wa ukutani hawakuchagua vita. Jamaa zao walifanya walichopaswa kufanya. Waliwatafuta, wakawakusanya, wakawaandika. Nilichokuwa nacho moyoni kilikuwa wivu.

Sasa nikueleze habari za huyo mtu mmoja. Ni baba wa babu yangu, yule ambaye baba yangu angemwita tsawe, kama Wagiriama tunavyomwita babu, lau angerudi nyumbani akamkuta. Jina lake sitalitaja hapa. Baba ameniomba litajwe kwanza nyumbani kabla ya kutajwa gazetini, na mimi sina ubavu wa kumpinga.

Ukoo wetu haukuanzia Ganda. Tulikuwa ng'ambo ya Sabaki, upande wa kaskazini, kwenye ardhi yenye rutuba ambako Wagiriama walilima mahindi mpaka wakawauzia watu wa pwani na majahazi. Serikali ya Waingereza haikupendezwa na watu wanaojilimia wakashiba. Ilitaka kodi ya nyumba, na ilitaka vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Hapo ndipo alipotokea Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, akazunguka vijijini akiwaapisha watu wasitoe watoto wao. Kisa chake cha kuku na vifaranga umekisoma shuleni, sina haja ya kukirudia. Alikamatwa mwaka 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa hadi Kisii. Wakatoroka na kurudi kwa miguu. Fungua ramani ya Kenya umpe mtoto wako apime kwa rula kutoka Kisii hadi Sabaki, halafu umwambie kulikuwa na simba njiani.

Mwezi Agosti 1914, wakati Ulaya inawasha vita vyake, serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Kaya kwetu si msitu tu. Ndimo walimozikwa wazee wa kwanza na ndimo yalimofanyiwa maapizo yote. Vita vikazuka. Askari wa Keya wakaletwa na bunduki dhidi ya watu wenye mishale, nyumba zikachomwa kwa maelfu, mbuzi wakaswagwa. Ilipofika Oktoba mambo yalikuwa yamekwisha, na serikali ikatoa masharti. Wagiriama walipe faini ya rupia 100,000. Wahame ng'ambo ya Sabaki waje kusini. Na watoe wanaume 1,000 wakafanye kazi ya upagazi katika vita vya wazungu.

Soma sharti hilo la mwisho tena, msomaji. Watu walipigana ili vijana wao wasichukuliwe. Adhabu ya kupigana ikawa ni kuchukuliwa vijana.

Hivyo ndivyo ukoo wetu ulivyovuka mto ukaja kuangukia Ganda. Na hivyo ndivyo, baada ya muda, yule babu alivyoondoka. Kwa mujibu wa masimulizi ya nyumbani ilikuwa mwaka 1917, mwaka ambao serikali ilizoa wanaume nchi nzima kuliko mwaka mwingine wowote wa vita vile. Alimwacha mke na mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto huyo ndiye babu yangu.

Wewe ukipita Kariakoo ya Dar es Salaam kununua vitenge, au Kariokor ya Nairobi kula nyama choma, umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi? Ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi, neno la Kiingereza lililotafunwa na vinywa vya watu waliolibeba. Waingereza waliwakimbiza Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck kutoka Taveta mpaka ng'ambo ya Rufiji na zaidi, katika nchi isiyo na barabara, ambako ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Risasi, unga, mahema, sanduku za maofisa, vyote vilikwenda kichwani, mzigo wa karibu kilo 25 kwa kila mtu, siku baada ya siku.

Wala si risasi iliyowamaliza. Waliouawa kwa bunduki walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa tumbo la kuhara damu, kwa malaria, kwa homa ya mapafu, na kwa chakula kisichopikika vizuri porini wala kutosha. Wachunguzi wa historia hukadiria kwamba wapagazi na vibarua waliokufa upande wa Waingereza katika vita hivyo vya Afrika Mashariki walizidi 90,000. Ukiwaweka wale 676 wa Mathari katika kanisa moja, basi hawa wa kwetu wangehitaji makanisa kama hayo zaidi ya 130.

Babu yangu alikua akingoja. Kwanza alimngoja baba yake, kisha akangoja habari, mwisho akangoja mshahara. Wapagazi walipewa namba na walikuwa na malipo yao, lakini fedha za wengi waliokufa bila jamaa zao kupatikana hazikulipwa mtu yeyote. Hazina ya London ilizishikilia. Maombi yalipelekwa, yakakataliwa. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuona hata senti.

Baadaye babu alipata kazi bandarini Mombasa. Siku moja alimchukua baba yangu, wakati huo kijana aliyejua kusoma, akampeleka Mwembe Tayari kwenye zile sanamu za shaba za ukumbusho wa Waafrika waliokufa vitani, zilizosimamishwa katika miaka ya 1920. Zipo mpaka leo, matatu yanapita hapo yakipiga honi na watu hawageuzi shingo. Babu alimwambia baba, "Soma." Baba akasoma Kiswahili kilichoandikwa pale. Maneno yenyewe yanawaahidi wafu kwamba watoto wao hawatayasahau majina yao. Babu akasubiri. "Endelea," akasema. Baba akamwambia yamekwisha. Babu akazunguka sanamu nyuma na mbele akipapasa jiwe kwa kiganja, kisha akasema, "Kumbe kazi ya kuandika wametuachia sisi."

Babu alifariki mwaka 1988. Tangu hapo kazi hiyo ni ya baba, na kwa kuwa baba anaona macho yake yanafifia, amenikabidhi mimi.

Nikaanza kuuliza. Kwa nini mzungu aliyekufa Taveta ana jiwe lenye jina, naye mpagazi aliyekufa safari ile ile hana hata kijiti? Jibu nililikuta, na naomba ukae vizuri kwanza. Tume ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka 1917 kwa ahadi nzuri kwamba kila aliyekufa vitani angekumbukwa sawa na mwenzake, bila kujali cheo, rangi wala dini. Lakini ilipofika Afrika, maofisa walibadilisha wimbo. Mmoja wao aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba wenyeji wengi waliokufa walikuwa nusu washenzi, watu wasiokuwa na hisia zozote za kuweka alama makaburi ya wafu wao, na kwa hiyo mawe ya majina yangekuwa ni kutapanya fedha za umma. Makaburi ya wapagazi yakaamuliwa yaachwe, pori liyameze.

Watu wasiojali kuweka alama makaburi yao! Laiti bwana yule angepanda gari la makaa akafika Ganda.

Angefika Ganda, au Jilore, au Bamba, au Kaloleni, angezikuta koma. Kwa asiyejua, koma ni kigingi cha mti kinachosimikwa kwa ajili ya marehemu wa nyumbani. Kichwa chake ni duara, na wakati mwingine hufungwa kitambaa shingoni. Mkubwa wa koma ni kigango, ubao mrefu uliochongwa kwa nakshi za pembe tatu tatu, ambao husimikiwa mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu. Hakuna maandishi. Lakini mtoto wa boma anakua akijua huyu ni nani na yule ni nani, humwagiwa tembo, huambiwa habari za nyumbani, kwamba fulani ameoa, fulani amejifungua, mvua imechelewa. Mtu anayezungumza na kigingi cha babu yake kila msimu wa mavuno, leo wewe uje uandike London kwamba hana hisia!

Ila kwa yule mpagazi hatukuwahi kusimika kitu. Mke wake alikataa. Alisema koma husimikiwa aliyekufa, na yeye hajaletewa habari ya kifo. Alikataa hivyo mpaka naye akafa. Babu yangu alifuata maneno ya mama yake. Na sasa baba anasema imetosha, mtu aliyezaliwa karne ya 19 hawezi kuwa bado yuko njiani. Anataka koma ya babu yake isimame Ganda kabla yeye mwenyewe hajalala.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipopasuka, na kama wewe ni wa familia ya mjini yenye mizizi kijijini, nina hakika unalijua pigano hili hata kama kwenu lina jina jingine. Shangazi yangu, dada yake baba, ni mama wa kanisa tangu usichana. Aliposikia habari ya koma alivua miwani yake. Akasema yeye hawezi kupiga magoti Jumapili na Jumatatu akapite mbele ya vinyago vya uani. Wajukuu wadogo waliosoma wakamuunga mkono, si kwa dini, bali kwa hofu. Nao wana sababu. Huku kwetu Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine na watu wa damu yao, na kosa lao likiwa ni mvi na shamba. Mzee anayesimamisha koma leo anawapa wenye tamaa neno la kusema.

Nilipotoka Mathari nilidhani nimepata dawa ya ugomvi huu. Nikamweleza shangazi habari ya kanisa lile. Nikamwambia, "Shangazi, mifupa ya watu 676 imo ndani ya kuta za nyumba ya Mungu, na misa inasomwa. Kama ukuta wenye wafu si ushenzi kwa Mwitaliano, kigingi chetu kina dhambi gani?" Nikamkumbusha pia kile kikanisa cha Mreno pale Malindi, chenye paa la makuti, ambacho watu hukipita wakienda ufuoni. Mtakatifu Fransisko Xavier alishuka Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda India, na hapo mjini akazikwa mtu aliyefia chomboni mwao. Miaka karibu 500, na bado tunatunza makaburi ya wapita njia kwenye uwanja wa kikanisa kile.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, hao wa Mathari wanaombewa. Hawamwagiwi tembo."

Nikanyamaza. Nimesoma mpaka chuo, lakini jibu la sentensi hiyo sikulipata siku ile, na mpaka leo bado nalitafuta. Kumuombea mtu na kuzungumza naye si jambo moja, na shangazi anaijua tofauti hiyo kuliko mimi.

Yeye ndiye aliyetoa shauri lake. Tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, jina la mpagazi lisomwe kanisani pamoja na majina mengine. Baba hakukataa. Alisema lisomwe. Lakini akaongeza kwamba sauti ikishapita imepita, na yeye anataka kitu ambacho mjukuu atajikwaa nacho akicheza, aulize.

Wakati sisi tunavutana, ulimwengu nao ulikuwa umeanza kusogea. Mwezi Aprili 2021, ile ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza hawakukumbukwa kwa usawa. Kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walipewa kumbukumbu pungufu ya ile ya wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakuandikwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akasimama Bungeni London akaomba radhi. Nilimsomea baba habari hiyo. Akauliza kama wale 350,000 wamehesabiwa kwa majina au kwa makadirio. Nikamwambia kwa makadirio. "Basi," akasema, "bado yumo njiani."

Tangu hapo Tume imekuwa ikipekua kumbukumbu za zamani kutafuta majina yaliyoachwa. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna hadithi ya mtu aliyekwenda Kariakoo au Keya asirudi, usiiache ikafa na bibi yako. Mwanafunzi mwenye likizo, hiyo ndiyo kazi ya kufanya badala ya kukodolea simu mchana kutwa. Kaa na mzee, uandike jina la marehemu, jina la baba yake, ukoo, kijiji cha wakati ule na jina la chifu, maana makarani wa kikoloni waliandika majina yetu jinsi masikio yao yalivyopenda, na jina pekee halitakusaidia. Halafu nenda Nairobi kwenye Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue. Mimi nimekwenda. Nimekuta majina matatu ambayo huenda ni yeye na huenda si yeye, kila moja likiwa na herufi zake. Nilimpelekea baba yote matatu nimeyaandika kwenye karatasi. Aliyatamka moja moja kwa sauti, akatikisa kichwa, akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati. Hajairudisha.

Ya koma nayo yana taabu zake. Fundi anataka mti wa muhuhu, kwa kuwa mchwa hauli, na muhuhu mzuri siku hizi uko Arabuko-Sokoke, msitu wa serikali, ambako ukionekana na shoka bila kibali utaeleza vizuri mahakamani. Tumeambiwa kuna gogo kuukuu kwa mtu mmoja karibu na Kakuyuni, anataka bei ya kitanda cha sita kwa sita. Tunaendelea kuongea naye.

Halafu kuna wezi. Huenda hili hukulijua, msomaji, lakini vigango vyetu vimeng'olewa usiku kwa miaka mingi, vingine na vijana wa boma lenyewe, vikauzwa kwa wenye maduka ya vinyago, vikaishia kwenye sebule za matajiri na katika makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kutoka huko, na mwaka 2014 makumbusho moja ya Denver ilitangaza kwamba ingerudisha 30. Fikiria mtu anayeamka asubuhi akakuta shimo mahali alipokuwa babu yake. Kwa sababu hiyo baba amemwagiza fundi jambo ambalo fundi huyo hajawahi kuagizwa tangu aanze kuchonga. Amemwambia aichonge koma iwe fupi na mbaya, isiyopendeza macho, isije ikamvutia Mzungu yeyote. Fundi alikasirika kidogo. Alisema yeye ana jina lake la kulinda.

Mwishowe wamekubaliana iwe fupi tu, na ubaya uachiwe jua na mvua. Amepewa malipo ya kwanza. Siku imewekwa mwezi Desemba, watoto wakishafunga shule na mahindi yakiwa bado hayajavunwa. Shangazi ametuma salamu kwamba atakuja. Atakaa chini ya mwembe, mbali kidogo, na atakuja na kitabu chake cha nyimbo.